Mlango Mkubwa wa Hoteli ya Stesheni

Mlango wangu una kufuli tatu, na wanangu wananicheka. Wanasema, maman, hapa ni Brussels, Evere, ghorofa ya tatu, jirani yako wa chini ni madame mzee na paka wake, nani atakuja kukuibia sufuria? Nawaacha wacheke. Wao walizaliwa karatasi zao zikiwa tayari. Mimi nimekuwa raia wa nchi hii miaka mingi sasa, lakini nikisikia viatu vizito kwenye ngazi bado nazima redio na kusimama katikati ya chumba bila kupumua, mpaka viatu vipite. Mara nyingi ni yule kijana anayeleta vifurushi. Najua ni yeye. Nazima redio hata hivyo.

Juzi Maman Bernadette ametutoka. Amefia hospitalini, mchana, baada ya kula yaourt, maziwa ya mgando, na kulalamika kwamba haina sukari, na kwa mtu aliyeogopa kama tulivyoogopa sisi, kufa mchana kweupe huku ukilalamikia chakula ni neema. Hakunizaa, wala hatuna undugu wa damu. Ila jana simu zilipoanza kuingia, ziliingia kwangu, na kila aliyepiga aliuliza swali moja: matanga yatakaliwa wapi? Mwanangu mkubwa alikuwa ameshapata ukumbi wa kukodi, kama wanavyofanya wengi siku hizi, wenye viti na mahali pa kuegesha magari. Nikamwambia subiri kwanza. Nikakaa jikoni nikiziangalia zile kufuli tatu, na mara nikawa nimerudi katika hoteli ambayo haipo tena, mwaka ule ambao kila kitu ndani yangu kilijifunza kuogopa mlango.

Hoteli ilikuwa nyuma ya stesheni, upande wa Saint-Josse, na nilipoingia mimi, mwaka wa tisini na sita, ilikuwa imeshahukumiwa kubomolewa. Kampuni moja ya majengo iliinunua, ikafunga mlango wa mbele kwa mnyororo, ikapigilia mbao kwenye madirisha ya barabarani, kisha ikasubiri kibali. Mlinzi waliyemweka alikuwa mzee mmoja, Gaston, aliyewahi kuwa bawabu wa hoteli hiyo hiyo katika siku zake nzuri. Wakubwa wake walidhani analinda vyumba vitupu. Kumbe padri mmoja alikuwa amemwomba atufiche, na Gaston akawa anatuingiza mmoja mmoja kwa mlango wa jikoni, ule wa uchochoroni ambako zamani walipitisha samaki na makaa. Hatukufika ishirini. Wote tulikuwa watu wa Kivu na Katanga, na wote tulikuwa tumeshaambiwa na ofisi ya uhamiaji, kwa adabu sana, kwamba tuondoke nchini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimekuja kusoma, masomo yakakwama, visa ikaisha, maombi ya ukimbizi yakakataliwa, na kila nilipomwona mtu mwenye kofia ya kazi, hata mkata tikiti, nilivuka barabara.

Masharti ya Gaston yalikuwa mepesi kuyasema. Usikae kwenye vyumba vya mbele. Usiwashe taa upande wa barabara. Usivae viatu ndani. Usiimbe. Mtu akigonga mlango mkubwa, kaa pale pale ulipo kama samani. Tukaishi hivyo, watu wazima tuliovaa soksi tu, tukinong'ona kwenye korido pana zenye mazulia yaliyoliwa na nondo. Jina la hoteli lilikuwa bado limeandikwa kwenye sahani, kwenye vijiko, hata chini ya vyungu vya chooni, na nilikuwa nikiosha vyombo najiambia, haya, Nsimire, umefika Ulaya, unakula kwenye sahani za matajiri na huwezi kupiga chafya.

Aliyetutawala alikuwa Maman Bernadette. Kwetu Bukavu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kadutu, na hata pale hotelini alitupanga kama darasa. Ni yeye aliyetufundisha jibu. Alisema ukikamatwa na ukaulizwa unapoishi, usitaje Saint-Josse, usitaje stesheni, sema unaishi Evere kwa mama mkubwa. Kwa nini Evere? Kwa sababu ni mbali kidogo, alisema, ni mtaa wa watu wanaokwenda ofisini, na hakuna polisi wa hapa atakayepanda basi kwenda kuangalia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga Evere. Lakini kila asubuhi, kabla ya yeyote kutoka, Maman alisimama kwenye mlango wa jikoni na kuuliza, “Unaishi wapi?” nasi tukajibu, “Evere, kwa mama mukubwa,” ndipo akakuachia upite.

Mwezi wa sita alitoka kijana mmoja, Dieudonné, kwenda Matonge, mtaa wa maduka ya watu wetu, kununua makayabu, samaki wa chumvi. Alijibu Evere vizuri kabisa, na akamtania Maman kwamba huyo mama mkubwa wa Evere bila shaka sasa ni tajiri, ana watoto wengi hivyo. Hakurudi. Wengine walisema wamewaona polisi pale Porte de Namur, kwenye ngazi za metro, treni ya chini ya ardhi, wakisimamisha watu. Sahani yake ikabaki mezani siku kadhaa kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiondoa. Baadaye alimpigia simu yule padri akiwa Kinshasa, mji asiokuwa na ndugu, wakiwa wamemshusha kwenye ndege na kandambili tu miguuni. Kuanzia hapo sikutoka tena isipokuwa siku nilizopata kazi ya kufua, na nilikwenda kwa miguu kupitia barabara za nyuma. Nilikuwa naota ngazi zile za metro. Niliogopa hata wanasesere wa dukani wenye suti.

Jumapili ndiyo ilikuwa nafuu yetu. Mchana wa Jumapili Gaston alitufungulia ukumbi mkubwa wa kulia chakula, ambao madirisha yake yalitazama uani, na tukala pamoja. Alileta viazi vilivyopondwa na karoti, Maman alipika bugali na sombe, majani ya muhogo, na mzee yule alikula bugali kwa uma, akikata vipande kama keki, nasi tukijizuia kucheka. Ukuta mmoja mzima wa ukumbi ule ulikuwa wa vigae vilivyochorwa bahari. Mchanga, mawimbi, wanawake wenye miavuli na nguo ndefu hadi kwenye vifundo, watoto na ndoo zao, meli inayotoa moshi, na nyuma yao hoteli nyeupe yenye minara. Yule tuliyemwita mjomba, Tonton Kasongo, mtu wa Likasi aliyefanya kazi ya reli huko kwao maisha yake yote, alikuwa anaketi akiuelekea ukuta huo. “Batu ya reli bote ni bamoja,” alisema. “Banajenga stesheni, banajenga hoteli, kiisha banasahau.” Yeye na Gaston waliweza kuongea habari za treni mpaka chakula kikapoa.

Ni Gaston aliyetueleza ile hoteli nyeupe ya kwenye vigae. Alisema zamani za mababu, treni ya kwenda pwani ilipokuwa jambo jipya na la fahari, watu wa reli walijenga hoteli mbili kwa wakati mmoja, moja kule kwenye mchanga na moja hapa stesheni. Waingereza waliteremka kwenye meli, wakapanda treni, wakalala hapa. Matajiri wa Brussels nao walilala hapa na watoto na mayaya na masanduku yao, ili asubuhi wapande treni ya kwanza ya kwenda baharini. Kila chumba kilikuwa na kengele yake, na chakula kilipanda kutoka jikoni kwa lifti ndogo ya kamba ndani ya ukuta. Halafu watu wakapata magari. Ile ya pwani ilifungwa kwanza, ikakaa miaka na madirisha yake yamepigiliwa mbao, na siku ya kuibomoa Gaston alipanda treni kwenda kuangalia. Aliona bafu likining'inia ghorofa ya nne kwa bomba lake. “Mahali palipofungwa muda mrefu,” alisema kwa Kifaransa chake cha taratibu, “pakianguka hakuna anayeuliza palikuwa na nini.” Maneno yale hayakunifurahisha hata kidogo. Niliangalia mbao za madirisha yetu, nikaacha kula.

Ile lifti ndogo ilipita nyuma ya kitanda changu. Kamba zake zilikuwa zimekatika, lakini shimo lilikuwa pale pale, na sauti za jikoni zilipanda humo zikafika waziwazi kwenye mto niliolalia, kijiko kikianguka ungedhani kimeanguka chini ya kitanda. Mwanzo niliona aibu kusikiliza. Baadaye niliona bora nijue mambo kabla hayajanifikia, kwa sababu mtu mwenye hofu hapendi kushtukizwa. Nilisikia Maman na Tonton wakihesabu siku za gesi, wakimsema padri, wakibishana kama Gaston anaumwa. Na vita vilipoingia Kivu mwishoni mwa mwaka, ni kwa shimo lile nilisikia redio ikitaja Uvira, halafu Bukavu, na Maman akisema, “Zima, Nsimire asisikie.” Simu za nyumbani zilikufa. Mama yangu alikuwa Bagira, pale pale Bukavu, peke yake, mwenye moyo mbovu na miguu iliyovimba. Nikawa naishi na hofu mbili, ya hapa na ya kule, na sikujua ipi niilishe kwanza.

Asubuhi moja ya baridi nilikuwa bado kitandani nikasikia mlango wa jikoni ukifunguliwa na Tonton Kasongo akiingia. Alikuwa ametoka Matonge, kwenye duka la kupigia simu, ambako binamu yangu wa Nairobi alikuwa ameacha ujumbe. Alivua koti, nikasikia vifungo vikigonga kiti.

“Ni kweli?” Maman akauliza.

“Ni kweli. Kwa njia ya Bunyakiri. Balikuwa banakimbia na miguu. Tumuambie sasa?”

“Hapana sasa. Hajakula kitu tangu jana. Kwanza akule. Batu bote bakuwe hapa, njo tutamuambia.”

“Na kilio tutakikalia wapi?”

“Hapa.”

“Hapa wapi, Maman? Humu batu banatembea na soksi.”

Maman akasema neno ambalo sijalisahau. “Mutu hawezi kulia mama yake na mulango ya kufunga, Kasongo. Ile haiko kilio. Ile ni kujificha.”

Mtu asiye wa kwetu labda hajui desturi hii, basi nieleze. Kwetu mfiwa haambiwi akiwa na njaa. Wakubwa wakishapata habari wanaificha, wanapika, wanakulisha, wanahakikisha umeshiba na umezungukwa na watu, ndipo mmoja anaanza kusema, kwa mbali, kwa upole. Na ukishaambiwa, mlango wa nyumba unafunguliwa na haufungwi mpaka matanga yaishe, kwa sababu yeyote anayepita ana haki ya kuingia na kulia nawe. Mimi nilikuwa nimeshajua yote, nimelala na sikio ukutani, na ilinibidi niteremke nikale. Nilikaa mezani. Maman aliniwekea sombe, samaki, mchele, vitu ambavyo hatukuwa navyo juzi. Wote walikuwepo, wamevaa vizuri, hakuna aliyeniangalia usoni. Nikala. Kila tonge nililisukuma kwa maji, nikaomba nyongeza, kwa sababu nilijua nikiweka kijiko chini wataanza kusema, na wakianza kusema mama yangu atakuwa amekufa. Sijawahi kula chakula kingi vile maishani mwangu.

Mwishowe sahani ikaisha. Maman Bernadette akashika mkono wangu. “Nsimire, mwana wangu. Kule nyumbani mambo ni mubaya. Batu ya Bagira balikimbia na miguu. Njia ni murefu, na maman yako alikuwa na ile moyo yake. Ilichoka. Maman hayuko tena.”

Mtu angedhani ningepiga ukunga. Nilisema, “Musifungue mulango.” Ndilo neno la kwanza lililonitoka baada ya kusikia mama yangu amekufa. “Mi nitalia kimya. Nawaomba. Batanikamata hapa, batatukamata bote.”

“Kulia kimya?” Maman akasema. “Nani alikufundisha ile?”

Alimwita Gaston. Akamweleza kwa Kifaransa cha ualimu, sentensi moja moja, kwamba tunahitaji ule mlango mkubwa. Mzee akawa mweupe kuliko alivyokuwa. Alisema mlango ule haujafunguliwa tangu mgeni wa mwisho, kwamba wakubwa wake wakijua amekwisha, na sisi tumekwisha, kwamba uchochoroni kuna mlango mzuri tu, watu wapite huko kimya kimya. Mimi niliitikia kwa kichwa kila alichosema. Nilikuwa upande wake kabisa. Maman akamwuliza, “Papa Gaston, hoteli hii haijawahi kupata msiba?”

Gaston akafikiri. Akasema ndiyo, mara moja, Mwingereza mmoja mzee alifia chumbani akisubiri treni yake. Walimtoa kwa mlango wa jikoni, kupitia penye mapipa, wageni wasione.

“Bon,” akasema Maman. “Huyu mama, hatutamupitisha kwa jikoni.”

Gaston aliondoka akitikisa kichwa, nikajua hatafungua, tumepona. Kesho yake nikiwa nimeketi kwenye godoro katika ukumbi wa kulia, chini ya ile bahari ya vigae, nikasikia chuma kikikatwa. Halafu mlio mrefu wa bawaba. Upepo wa barabarani ukaingia, ukapita kwenye korido, ukanifikia miguuni, nikaikunja chini ya nguo yangu. Gaston alikuwa amevaa koti lake la ubawabu lenye vifungo vya shaba, linanuka dawa ya nondo, likimbana tumboni. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mtu wa kwanza alipofika, mwanamke wa Matonge ambaye sikumjua, alimwinamia kidogo na kusema, “Par ici, madame,” yaani karibu huku, akalipokea koti lake na kulitundika katika kile chumba cha makoti kilichokaa kitupu miaka yote. Wakaja wengine. Habari ya msiba husafiri yenyewe, haihitaji anwani. Wengi walikuwa watu wenye karatasi zao, wauguzi, wafagiaji, wanafunzi, na waliketi sakafuni karibu nami, wakaimba. Wakaimba kwa sauti, katika nyumba ile ambamo mimi sikuwa nimewahi kukohoa. Nililia, ndiyo, lakini jicho langu moja lilikuwa mlangoni wakati wote. Kila aliyeingia nilimwangalia miguu kwanza.

Siku ya pili, alasiri, viatu nilivyokuwa nikivisubiri mwaka mzima vikaja. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na sare zao zilikuwa zimelowa mvua. Wimbo ukafifia kutoka mlangoni kuja ndani. Nilisikia yule mwanamume akimwuliza Gaston hiki ni nini, na Gaston akijibu, sauti ikimtetemeka, “Hii ni hoteli, monsieur. Tuna msiba.” Wakaingia. Nikaona watu wetu wa nyumba wakiangalia mlango wa jikoni, na hakuna aliyesimama, kwa sababu mfiwa akiwa ameketi chini huwezi kumruka ukakimbia. Na mimi mwenyewe nisingeweza hata ningetaka. Haja ndogo ilinibana, nikadhani nitajiaibisha mbele ya bahari yote ile.

Yule mwanamke polisi akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa wa umri wangu. Akauliza nani amekufa. Nikasema, “Ma mère.” Akasema pole. Nadhani alimaanisha. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya pole, “Na unaishi wapi, madame?”

Nilikuwa nimejibu swali lile kila asubuhi. Nikamgeukia mwalimu wetu. Maman Bernadette akajibu kwa niaba yangu. “Anaishi kwangu. Evere.”

“Evere, mtaa gani?”

Hapo ndipo niliona Maman Bernadette akiogopa. Sikuwa nimewahi kuona. Mwaka mzima alitufundisha jibu, na hakuwahi kufikiria kwamba jibu lina swali la pili. Aliangalia mikono yake. Nikasikia mvua ikianguka barabarani kupitia ule mlango ulio wazi, na nikajua sasa basi, ni ngazi, ni gari, ni ndege, ni kandambili.

“Ni kwangu.” Aliyesema alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba cha bluu, aliyekuwa ameingia muda si mrefu na sufuria ya mchele, bado ameishikilia. Sikumjua. Hakunijua. Alikuwa akipita barabarani na sufuria yake kuelekea kwenye basi, akasikia nyimbo za kwao, akaona mlango uko wazi. Akaweka sufuria chini, akatoa kitambulisho chake, akataja mtaa na namba ya nyumba bila haraka. “Huyu mama na huyu mutoto, bote bawili banakaa kwangu. Andika.” Yule polisi akamwangalia, akaniangalia, akaandika. Mwenzake alizunguka ukumbi kidogo akiangalia dari na ule ukuta, akasema kwamba watu hawaruhusiwi kukaa katika jengo hili, kwamba atatoa taarifa. Kisha wakaondoka. Mlangoni Gaston aliwatakia siku njema kwa mazoea, “Bonne journée, messieurs-dames.”

Tulimaliza matanga. Hatukufunga mlango. Siku chache baadaye wakaja watu wa kampuni na mnyororo mpya, na tukapewa hadi mwisho wa wiki kutoka. Gaston alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Tonton Kasongo akaenda kwa mpwa wake Liège, wengine kwa padri, wengine sijui. Yule mwanamke wa kilemba, jina lake Solange, Yaya Solange kwetu, yaani dada mkubwa, alikuwa anatunza wazee majumbani mwao, na alikuja kutuchukua mimi na Maman na mifuko yetu. Kwenye basi alisema, “Mi nimeshadanganya serikali. Sasa inabidi ikuwe kweli.” Hivyo ndivyo nilivyofika Evere.

Hoteli ilibomolewa mwezi wa tatu. Nilikwenda, pamoja na hofu yangu yote, na nikamkuta Gaston ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Walikuwa wameangusha upande wa mbele, na ukuta wa ukumbi wa kulia ulikuwa umebaki umesimama peke yake, umetazama barabara. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bahari ile, juu ya miavuli na watoto na hoteli nyeupe, na watu kwenye tramu waligeuza vichwa. Gaston akasema ile ya pwani ilianguka ikiwa imefungwa, lakini hii ilikuwa na wageni, na wageni waliingia kwa mlango wa mbele. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilitaka kumwomba msamaha kwa kazi yake, ila nilipofungua mdomo alikuwa ameshaanza kunionyesha dirisha lililokuwa la chumba changu.

Basi leo asubuhi nimempigia mwanangu nikamwambia ukumbi achana nao. Nimefungua kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimesukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, nikauwekea kiti usirudi. Nimeketi kwenye godoro, na kila hatua ngazini naihesabu, sitadanganya. Walikuja wa Matonge, walikuja wa Saint-Josse, hata madame wa chini alipanda, akaketi pembeni na mikono mapajani. Alasiri wimbo ukiwa katikati nikasikia viatu vizito. Vilipanda polepole, vikasimama kila ghorofa. Mkono wangu ukaenda kutafuta redio, na redio haikuwepo.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na viatu vya kazi vyenye chuma mbele, na koti jepesi mno kwa baridi hii. Hakuna aliyemjua. Alisema kwa Kiswahili cha Goma kwamba alikuwa anapita chini, akasikia banaimba. Mkwe wangu, ambaye ana adabu nzuri, akampa kiti, akamwuliza kwa wema tu, kama mtu anavyomuuliza mgeni, “Karibu, dada. Unaishi wapi?” Nikaona yule msichana akiangalia mikono yake.

“Anaishi kwangu,” nikasema. “Mumupatie sahani.”